Uzi wa Usukani Namba Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wenzake baba, wajomba, shangazi, na nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu mimi kitinda mimba wa marehemu. Tarehe zote mtakazosikia ameziandika kaka yetu mkubwa kwa mkono wake, na ndiye aliyepaswa kusoma, ila tangu Jumapili sauti yake haijarudi, na mengine nimeyaongeza mimi, kwa hiyo mkisikia kosa lawama ni zangu, na mnaonijua mnajua hazitakuwa za kwanza.

Baba yetu mpendwa alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa pili, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa mabehewa na mkewe, mshona mashuka wa hospitali. Kati ya hao sita amebaki shangazi yetu mmoja, yule aliyeketi pale mbele, naye ametusimulia kwamba marehemu akiwa na miaka sita alifungua kitasa cha mlango ili aone kinacholia ndani, akakitandaza sakafuni kipande kwa kipande, kukirudisha kukamshinda, familia nzima ikakaa imefungiwa ndani hadi babu alipotoka kazini saa tisa alasiri, na alipoulizwa nani kafanya hivi, alijibu kwamba kitasa kilikuwa kibovu siku nyingi, yeye amekigundua tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kwaya, na ndoto yake ilikuwa moja tu, urubani. Tarehe 11 Mei 1970 alifanya mtihani wa urubani pamoja na vijana wengine arobaini, akafaulu karatasi zote, kisha daktari wa macho akamwonyesha kadi yenye nukta za rangi, akamwuliza anaona namba gani, marehemu akasema haoni namba, anaona nukta tu, maana nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, na safari ikaishia pale kabla injini haijawashwa. Shangazi anasema siku ya tatu yake alikwenda kujiandikisha chuo cha ufundi wa ndege, upande wa vyuma, kwa sababu nyaya zina rangi, akamwambia babu kwamba kama amekatazwa kuishika ndege ikiwa juu, ataishika ikiwa chini.

Alihitimu tarehe 15 Desemba 1972, akaajiriwa tarehe 2 Januari 1973 katika karakana kuu ya uwanja wa ndege, akaitumikia miaka thelathini na minane na miezi mitatu bila kupewa hata barua moja ya onyo. Katika miaka yote hiyo alipanda ndege kama abiria mara tatu tu, na mara zote tatu alikaa ameinamisha kichwa akiisikiliza injini kama mzazi anayesikiliza kikohozi cha mtoto, mpaka mhudumu akamletea maji akidhani anaumwa.

Mwaka 1975 aliingia chumba cha ushonaji wa viti vya ndege kuomba uzi mwekundu, akachukua wa kijani, akashukuru, akaondoka, na mshonaji aliyekuwa mle akamwacha afike mlangoni ndipo akacheka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977, na kuanzia siku hiyo rangi zote za nyumba ile, tangu soksi hadi kuta, alichagua mama. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka yetu mwaka 1979, dada yetu mwaka 1982, na mimi mwaka 1986, na marehemu ameacha wajukuu saba.

Sasa nifike kwenye jambo lililowafanya majirani wamwite Kapteni wa Ukutani. Tarehe 20 Juni 1981 karakana iliamriwa kuivunja ndege moja kuukuu ya abiria kumi na wawili, iliyokuwa imesimama uwanjani mpaka majani yakaota kati ya magurudumu, na siku hiyo rubani wake wa zamani, mstaafu, akaja kuiaga, walinzi wakamkatalia getini. Marehemu akachukua bisibisi, akaufungua usukani wa ile ndege, akautembeza hadi kwenye uzio, mzee akaushika kwa mikono miwili, vidole gumba vyake vikaingia sawasawa katika mabonde mawili yaliyolika kwenye ngozi na kwenye mpini ulio chini yake kwa miaka mingi ya kushikwa, akaangua kilio pale pale mbele ya walinzi, na alipomaliza akamrudishia, akamwambia uuhifadhi wewe kijana, mimi nikienda nao nyumbani mke wangu ataanikia soksi.

Huo ndio ukawa namba moja. Mpaka anatutoka alikuwa amekusanya na kutengeneza sukani ishirini na tatu, pamoja na fimbo kumi na moja za ndege ndogo za zamani, zile zinazosimama kati ya magoti ya rubani, nyingine alizitoa kwenye mabanda ya kuku, moja ilikuwa inazuia mlango wa duka la mbegu, zote akazisafisha kutu kwa msasa mwembamba, akazipaka nta, akazitundika katika karakana yake ndogo nyuma ya nyumba, na zilipojaa akahamia sebuleni, mama akamwambia jikoni asiguse. Vyuma vilikuwa vya baba, ngozi ilikuwa ya mama. Nao walikuwa na mwiko mmoja, bonde la kidole gumba halisawazishwi kamwe, hata kama linatia ubaya, kwa kuwa, kama baba alivyokuwa akisema, ukilifukia umemfuta mtu. Na walikuwa na desturi moja, kwamba ngozi mpya ikishashonwa, uzi wa mwisho haufungwi fundo, unaachwa ukining'inia hadi mwenyewe aje aushike usukani wake, yaani rubani aliyeuendesha, na kama hayupo duniani basi mjane wake au mwanawe, ndipo fundo linafungwa mbele yake na tarehe inaandikwa kwenye daftari. Mwenyewe alikuwa anaitwa mara moja tu, hakumbushwi wala hasukumwi, baba akisema mtu haburutwi kuja kwenye kitu chake, na wapo walioitwa wakaja baada ya miaka tisa, wakakaribishwa chai kana kwamba waliitwa jana.

Mama yetu alitangulia mbele ya haki tarehe 21 Oktoba 2009, baada ya kuugua wiki tatu tu, na hapa ndugu zangu naomba mnivumilie, kwa sababu hili halimo katika karatasi ya kaka. Siku chache kabla baba hajastaafu, tarehe 31 Machi 2011, nilitaka kumwandalia zawadi, nikakumbuka kwamba ule usukani namba kumi na tisa ulikuwa umelala juu ya meza ya karakana zaidi ya mwaka, umeshonwa nusu, sindano ingali imechomekwa, ngozi imeshika vumbi, na mwenyewe hakuwa amejulikana, maana ndege yake ilipita mikononi mwa marubani wengi na hakuna aliyekumbukwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kitu kilichoachwa nusu kinaninyima raha, nikadhani baba ndiye aliyeanza kuushona akashindwa, nikauchukua kwa siri, nikaifumua ile ngozi yote nikaitupa, nikaona yale mabonde, bila kuukumbuka mwiko nikayajaza gundi na kuyapiga msasa hadi yakawa laini, nikavisha ngozi mpya, nikaishona mwenyewe siku nne, vidole vikatoka damu, nikafunga na fundo. Jumamosi tarehe 2 Aprili nikamkabidhi mbele ya wageni wakipiga makofi.

Baba aliupokea, na kwa kuwa rangi zilikuwa zikimdanganya, alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mishono polepole, akaenda nao mzunguko mzima, alipofika pale palipokuwa na bonde kidole kikasimama, kisha akafumbua macho akasema asante mwanangu, umefanya kazi kubwa. Dada ndiye aliyenivuta jikoni akaniambia kwamba ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mama, alikuwa akiishona kitandani wiki ile ya kwanza ya ugonjwa, hadi nguvu zilipomwishia. Nilikwenda mbio kwenye pipa la taka, na gari la taka lilikuwa limepita Ijumaa.

Ndugu waombolezaji, tangu siku hiyo sikuingia karakana ile. Nyumbani nilikuja kila Jumamosi, nikampikia, nikamfulia, nikamsomea magazeti, lakini karakana nilipita mbali, na msamaha sikuuomba, nilisema kesho, nikasema baada ya mitihani, nikasema atakapopona. Mara moja tu, Agosti mwaka ule ule, aliniambia nikipata nafasi nipite karakana niushike ule usukani, nikadhani ananisuta, nikajibu nina madaftari ya kusahihisha, naye akaitikia haya, hakurudia tena.

Mwaka 2018 mikono yake ilianza kutetemeka, tukampeleka hospitali, madaktari wakatueleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba bali wa kutulizwa, na yeye akawafariji madaktari, akisema ndege ikipita katika hewa mbaya usukani hutetemeka, rubani haulizi mlango uko wapi. Aliendelea kupaka nta hadi mwaka 2022, kisha akabaki kuwaelekeza wajukuu akiwa kitini, na nilipokuwa nikimnyoa ndevu alinishika kiwiko akinitania kwamba katika sisi wawili mimi ndiye ninayetetemeka zaidi, na alisema kweli. Tarehe 28 Mei mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa, akapata nafuu siku tatu, hali ikabadilika, na Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikata roho, mkono wake mmoja ukiwa kwa kaka na mwingine ukiwa kwangu, imetulia yote miwili.

Jumatatu nilitumwa karakana kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Picha nilikuta imechomekwa katika lile daftari lake, lenye mistari thelathini na minne, mmoja kwa kila usukani na kila fimbo, na mistari thelathini na mitatu ina tarehe ya kushikwa. Namba kumi na tisa haina. Pale palipoandikwa mwenyewe hajulikani pamekatwa kwa kalamu, na chini yake, tarehe 3 Aprili 2011, yaani siku ya pili yake tu, ameandika maneno haya ninayowasomea kama yalivyo: Ngozi ya kwanza alishona mama watoto, ya pili ameshona kitinda mimba wangu. Mshono wake ni mbaya lakini haukuchoka. Mwenyewe amepatikana. Fundo nimelifungua, uzi unamsubiri.

Nikainua macho, nikauona umetundikwa peke yake kando ya mlango, mahali alipokuwa akiweka sukani ambazo wenyewe wameshaitwa, uzi unaning'inia, umepakwa nta usichakae. Miaka kumi na mitatu alikuwa akinisubiri, nami kila Jumamosi nilikuwa hatua ishirini kutoka pale nikikaanga vitunguu. Nimelia kwa ajili ya kifo chake kama wenzangu, lakini kwa ajili ya uzi ule nimelia peke yangu, na bado.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi aliyekuwa akimwita kapteni na kumpigia saluti kila alipomletea dawa, kwa majirani waliovumilia kelele za msasa miaka arobaini na sasa wanasema kimya kinawasumbua, kwa mafundi wa karakana kuu waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao na kulipiga nta badala ya rangi, kwa marubani, wajane na watoto wa marubani waliofika kutoka mbali, ambao tumewaona wakiingia sebuleni na kwenda moja kwa moja kila mtu kwenye usukani wake, na kwa wote ambao hatukuweza kuwataja, tunaomba mwichukulie asante hii kuwa yenu.

Leo asubuhi, kabla magari hayajafika, niliingia karakana na kaka na dada, nikauteremsha usukani namba kumi na tisa, nikaushika kwa mikono miwili, vidole gumba vikatafuta mahali pa kukaa visipate, kwa kuwa ni mimi niliyepafukia, nikavibana hapo hapo, labda wajukuu zangu watakuta bonde. Dada akashika ngozi, mimi nikafunga fundo, si zuri, mama angelicheka, kisha kaka akanipa kalamu nikajaza tarehe, 13 Juni 2024. Baba, uliniita mara moja, nimechelewa, nimekuja. Uzi umefungwa. Pumzika kwa amani.