Fundi wa Meno na Mashemeji wa Juu ya Kabati

Kaka yetu mpendwa tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Mimi ni kitindamimba wao. Nimepewa kazi ya kusoma haya kwa sababu wengine wote wamesema hawataweza, na mimi mwenyewe sijui kama nitafika mwisho.

Alimaliza shule mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, maana pembezoni mwa kila jibu alichora zimwi. Akasomea utengenezaji wa meno ya bandia, na mwaka 1979 akaajiriwa katika karakana ya meno, alikofanya kazi hadi kustaafu. Kwa plasta iliyobaki alichonga mazimwi ya ukubwa wa kidole gumba, yenye vigimbi na matumbo ya kuburuta, akayapaka rangi kwa brashi nyembamba na kuyapa meno mazuri kuliko yetu sote. Siku moja mteja alifungua kiboksi chake akakuta zimwi linamkenulia. "Fundi," akasema, "meno nimeyapenda, ila mwenyewe bado yumo."

Mwaka 1987 alifunga ndoa. Bibi harusi alipoyaona mazimwi yamejipanga chumbani aliuliza hao ni akina nani.

"Mashemeji zako."

"Basi waondoke wao, au niondoke mimi."

Akayafunga kwenye magazeti, akayatia kwenye boksi juu ya kabati, asishike brashi tena. Hakununa. Ila asubuhi, akifunga vifungo vya shati, macho yake yalikuwa huko juu.

Mwaka 2020 mikono ilianza kutetemeka. Daktari alishauri vidole vipewe kazi ndogondogo. Wifi yangu alifika nyumbani, akapanda kiti, akalishusha boksi. "Haya, mashemeji wamerudi." Kaka alilia mbele yetu bila kujificha. Tangu hapo meza ya chakula ikawa yake, nasi tukala tumepakata sahani. Taya moja ilimchukua wiki nzima. Macho aliyapaka mwisho siku zote. "Likishaona," alisema, "haliguswi tena."

Mwezi uliopita homa ya mapafu ilimkuta amechoka. Jioni ya Jumatano, tarehe 7 Juni 2023, zimwi lake la mwisho lilikuwa na jicho moja, na mkono ukagoma kabisa. Akampa wifi brashi. Wifi alikuwa hajawahi kupaka rangi hata ukuta. Jicho likatoka limekaa upande, makengeza matupu, akachukua kitambaa alifute huku machozi yanamtoka.

"Acha, mke wangu," kaka akasema. "Limeshaniona."

Alifariki alfajiri, wifi amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na mashemeji wote. Yule mwenye makengeza yuko kitandani, upande aliokuwa akilala kaka, na wifi hataki aguswe.

Lala salama, kaka. Mikono yako imetulia.