Nusu ya Ndevu za Msimamizi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa magodoro, Mzee Pamba. Ameuawa na homa ya mafua. Narudia: homa ya mafua, ile tunayoidharau na kuiita "mafua tu".

Mzee Pamba alishona magodoro tangu ndevu zilipoanza kumchomoza mpaka zikawa nyeupe kama kazi yake. Alikuwa na pumu, na alikuwa na utani. Mteja akilalamika kuwa godoro ni gumu, alimjibu, "Godoro halina kosa. Dhamiri yako ndiyo ina mawe."

Kwenye karakana yao vumbi la pamba humkohoza kila mtu. Asiyekohoa huitwa mvivu. Ndiyo maana kikohozi cha mafua kilipoingia, hakuna aliyeshtuka.

Na kinga ilikuwa imewafuata mlangoni. Wiki chache kabla, muuguzi alikuja na kisanduku cha chanjo ya mafua, chanjo ya watu wazima. Mzee Pamba akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Msimamizi wa karakana akaangua kicheko. Akasema chanjo ni za watoto, akauliza kama watapimwa uzito pia kwenye mizani ya watoto, na nani atambeba Mzee mgongoni akilia. Karakana nzima ikacheka. Mzee naye akacheka, akashusha mkono wa shati. Wengine wakaona haya kumtangulia mkubwa wao. Muuguzi akaondoka na kisanduku chake.

Mafua yalipomshuka kifuani, Mzee hakumaliza wiki.

Sasa, dada yake ni kinyozi. Na mteja wake wa siku nyingi ni nani? Msimamizi huyo huyo. Baada ya mazishi alikuja kunyolewa. Akatoa pole, akajilaza kitini, shingo wazi. Dada akampaka povu, akaanza kazi. Alipofika nusu ya ndevu, akamuuliza kama yeye hayaogopi mafua hayo. Yule bwana, macho kayafumba, akajibu ayaogope ya nini; alishachanjwa zamani, hata kabla muuguzi hajakanyaga karakana.

Wembe ukasimama kooni. Dada anasema mkono ulimwasha.

"Rudia, bosi. Wateja wanaosubiri kwenye benchi hawakusikia."

"Dada, ule ulikuwa utani wa kazini tu."

"Na huu ndio wangu. Inuka."

Akamvua kitambaa, akafungua mlango. Msimamizi akatoka na shavu moja jeupe kwa povu. Kinyozi wa pili akamkataa. Wa tatu akasema wembe wake butu. Alipofika nyumbani kujinyoa mwenyewe, mtaa mzima ulishajua sababu. Kesho yake mafundi wote walikwenda kliniki kuchanjwa. Waliporudi, walimpita msimamizi kwenye geti la karakana bila salamu.

Daktari aliyemtibu hakuapa kwamba chanjo ingemwokoa Mzee Pamba. Alisema ingempa nafasi nzuri zaidi, kwa umri ule na pumu ile. Dada akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi hiyo nafasi ndiyo aliyoibiwa kaka yangu. Msimamizi sijamsamehe, na msinihimize."

Hatutamhimiza. Poleni dada, mjane na watoto. Wewe unayesikiliza, mwenye mvi au kifua kibovu, kaulize kliniki habari za chanjo. Anayekucheka, mwulize kwanza yeye kachanjwa lini.

Na wewe uliyechanjwa kimya kimya huku ukiwacheka wenzako, usipeleke pole kwenye nyumba ile ya msiba. Haitapokewa.