Miguu ya Neda Jikoni

Mbele ya mkahawa mmoja wa mtaa wa Varoš, mjini Split, kuna benchi la mawe lenye wenyewe. Saa nne asubuhi wanakaa, vikombe vikikauka wanaondoka. Jumapili ile Frane, mchomeleaji mstaafu wa meli wanayemwita Nanga, alichelewa makusudi. Jana yake klabu ya filamu ilikuwa imeonyesha kifilamu chake cha dakika tatu: miguu ya mkewe Neda, ndani ya ndala, ikizunguka jikoni. Uso hauonekani. Mwishoni miguu inatoka mlangoni, mkanda unakwisha. Watazamaji walikuwa kumi na mmoja, wawili wao ni wenzake wa benchini, naye alijua leo atachekwa mpaka akome.

— Kaa, Nanga, alisema Tonči, aliyebatizwa Daktari kwa kuwasomea watu karatasi za dawa zao. — Mwenzio nimeielewa. Ile sakafu ndiyo nchi. Ndala ndiyo sisi wananchi.

— Nchi gani ina vigae vya kijani? alidakia Jure, Redio kwa jina la kijiweni, maana hazimwi. — Yule mama kashakufa. Ile ni roho yake.

— Neda mzima, nimemwacha anafua, alisema Frane.

— Wewe utajuaje? Jana filamu ikionyeshwa ulikuwa umefumba macho muda wote.

Hilo lilikuwa kweli; aliona aibu kutazama.

— Kama ni roho, mbona ulilia? Daktari alimchokoza Redio.

Redio alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Mama yangu alikuwa anaburuta mguu vilevile. Sinema za vita nimeangalia mpaka basi, sijawahi kumsikia mama yangu humo.

Frane alishusha pumzi. Kumbe hakuna wa kumcheka.

— Roho haivai ndala, Daktari hakukubali. — Ile ni miguu ya wanawake wawili. Mmoja kafichwa.

Mama mmoja aliyehamia mtaani wiki ile alisimama na kikapu chake cha mboga.

— Samahanini, wazee wangu. Jana nilikaa nyuma kabisa. Pale mwisho, yule mama alikuwa anakwenda wapi?

Daktari alimtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika. Wote wakamgeukia Frane. Siku ya kupiga filamu ile, mkanda ulipokwisha alikwenda zake kuhifadhi kamera, hakuuliza. Aliacha kahawa nusu, akapanda ngazi mpaka nyumbani.

— Neda, siku ile nakupiga picha miguu, ulitoka kwenda wapi?

Neda alikuwa anaanika shuka, vibanio mdomoni. Akavitoa.

— Kuvaa viatu. Nani anapigwa picha na ndala?