Dada Yetu Kiguu na Njia, Aliyefungua Chumba cha Tasnifu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wakutubi na walimu wa chuo, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi tangu juzi, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu maisha yenyewe hayakuwa ya kukaa mahali pamoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, katika nyumba ya kupanga nyuma ya posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa karani wa posta hiyo, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakutambaa, alisimama kwa kushika kiti cha cherehani, akakiachia, akaenda, na tangu siku hiyo kumtafuta ikawa kazi ya nyumba nzima. Akitumwa chumvi alirudi na chumvi pamoja na habari za mtaa wote, akiambiwa akae alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuaga, na baba ndiye aliyemwita Kiguu na Njia, jina likamganda, hata wapo humu leo ambao lile la kwenye cheti hawajawahi kulisikia.

Alianza shule ya msingi Januari 1972 na kumaliza 1978, akaendelea na sekondari hadi mwaka wa 1984, na ripoti zake zote, kwa miandiko ya walimu mbalimbali, zilikuwa na maneno yale yale, kwamba ana akili ila hatulii. Baba alishangaa aliposikia binti huyo amechagua kusomea ukutubi, kazi ambayo watu huijua kwa kukaa na kunyamaza, akamwuliza kama amefikiri vizuri, naye akamjibu kwamba vitabu ndivyo vinavyokaa, mkutubi anatembea. Alihitimu stashahada Julai 1987, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu, kwenye kaunta ya kuazimisha vitabu.

Hapo kaunta ndipo alipoonwa na shemeji yetu, fundi wa majokofu na viyoyozi, aliyeitwa kutengeneza feni, akarudi tena na tena kuikagua feni ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, na kila akifika alimkuta mtu huyu anaondoka, anapanda ngazi, anaingia rafu za nyuma, ndiyo maana hadi leo shemeji husema alimwoa ili apate kumwona uso. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1992, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1996, aliyemfuata baba yake kwenye ufundi.

Mwaka wa 1993 dada alihamishiwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha tasnifu, mahali zilipowekwa kazi za utafiti za wanachuo wote, chumba kirefu chenye kabati za chuma, dirisha moja linalotazamana na ukuta, na ufunguo mmoja uliokaa mfukoni mwa mkuu wa kitengo. Mtu wa nje alihitaji kibali, kibali kilihitaji sahihi, na mwenye sahihi mara nyingi alikuwa safarini.

Juni mwaka uliofuata alikuja mkunga kutoka zahanati ya mbali, vumbi la mabasi mawili limemganda viatuni, akitafuta tasnifu iliyohusu homa za watoto wachanga, kwa kuwa utafiti wenyewe ulifanyika katika zahanati yake, na ni yeye aliyewashika wale watoto wakati wanapimwa. Mkuu wa kitengo alikuwa likizo, na ufunguo alikuwa nao. Dada alimweleza taratibu, kwa heshima, kama alivyofundishwa, na yule mkunga akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi wewe niambie tu, waligundua nini?”

Dada hakujua. Alikuwa amekaa na tasnifu hiyo chumba kimoja kwa muda wote huo na hakuwahi kuifunua. Mkunga akamshukuru, akateremka ngazi, akarudi alikotoka, na kuanzia hapo, shemeji anatuambia, usingizi wa dada ukawa wa kuazima. Mkuu aliporudi dada aliomba aidurufu ili ampelekee yule mama, akaambiwa tasnifu ni mali ya chuo, akauliza chuo ni mali ya nani, akaandikiwa onyo. Alilisoma onyo akiwa amesimama, akalikunja, akarudi kazini.

Alisoma shahada ya kwanza jioni baada ya kazi, kuanzia 2001 hadi 2005, na mwaka wa 2008 chuo kiliporidhia kuanzisha hifadhi ya mtandaoni, ambamo kazi za wanachuo zingesomwa na mtu yeyote, popote alipo, bila kulipa na bila kuomba sahihi, yeye ndiye aliyepewa kuisimamia, na nadhani walimpa kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kupanda ngazi za majengo yote yale. Alienda ofisi kwa ofisi kuwaomba walimu makala zao. Wapo waliojifungia waliposikia hatua zake koridoni, wapo waliodhani ni kinyume cha sheria, na hao alikaa nao, yaani alisimama nao, wakasoma pamoja mikataba waliyotiliana sahihi na wachapishaji, akawaonyesha ni nakala ipi wanaruhusiwa kuitoa na baada ya muda gani. Aliwaambia kwamba chuo kinaagiza kutoka ng'ambo makala iliyoandikwa na mwalimu wa chumba cha jirani, na kwamba huko ni kununua maji ya kisima chako mwenyewe. Profesa mmoja wa udongo alimjibu kwamba akiziweka kazi zake hadharani wataziiba, naye dada akamwambia, “Profesa, zilizomo kabatini zimeshaibwa na mende.” Profesa huyo yupo nasi leo, tunamshukuru kwa kufika, na makala zake bado ziko kabatini.

Kufikia mwisho wa mwaka wa 2012 tasnifu za ghorofa ya tatu zilikuwa mtandaoni, na ile ya homa za watoto wachanga ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Dada alituma ujumbe kwenye zahanati ile, akajibiwa kwamba mkunga huyo alishahama na hakuna anayejua aliko, akauliza kwingine, akauliza tena, hakumpata, na kila tulipompongeza kwa kazi yake alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mlango mwingine.

Sasa nimefika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au paachwe, lakini marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Mwezi wa Machi 2013 alifika kaunta mwanamke mwenye begi la nguo, akauliza ni nani anayeweka mambo ya watu kwenye simu. Alikuwa mfanyakazi wa ndani, na miaka michache nyuma alihojiwa na mwanafunzi aliyeandika tasnifu juu ya maisha ya watu wa kazi hiyo. Jina lake lilibadilishwa, ila nyumba ilielezwa yote, geti la kijani, mbwa mwenye jicho moja, baba mwenye duka la dawa, mama anayeifungia sukari kabatini, na kijana wa nyumba hiyo, akiwa mwanachuo, aliikuta tasnifu mtandaoni, akacheka, akampelekea mama yake asome, na mama hakucheka.

“Aliyeandikwa humo ni mimi,” yule mwanamke alisema, “na leo sina pa kulala.”

Dada aliiondoa tasnifu ile saa hiyo hiyo, bila kusubiri ruhusa ya mtu, akachukua begi la yule mama akalibeba yeye, wakaenda nyumbani, na mama huyo akaishi kwao hadi alipopata kazi ya kufulia katika hosteli moja. Shemeji anakumbuka kwamba wiki zile dada hakumaliza sahani ya chakula, alikula akizunguka, alianza sentensi jikoni akaimalizia uani, na mgeni wake hakumsaidia kwa neno la kumfariji, wala dada hakulitegemea.

Waliokuwa wakiipinga hifadhi walipata la kusema, wakasema, na kikao kikaitishwa ili tasnifu zote zirudishwe kabatini. Dada aliitwa ajieleze. Wenzake waliokuwepo wanasimulia kwamba alikataa kiti, akasema akiwa amesimama mlangoni, “Nilifungua mlango bila kuuliza kama waliomo ndani wamevaa. Kosa ni langu. Msiwafungie wasomaji kwa kosa langu.”

Hifadhi haikufungwa, lakini alipewa sharti la kuzipitia upya kazi zote zilizohusu maisha ya watu, naye na wenzake wakaifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, wakiwaandikia watafiti, wakiwafuata waliohojiwa katika mitaa na vijiji vyao, wakiwauliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa, kama wanakubali kusomwa na dunia. Wengine walikataa, na za hao zikafungwa. Wengine waliomba wasomewe kwanza kilichoandikwa, na hapo ndipo ulipoanza utaratibu, ambao wanachuo mnaufahamu, wa kila tasnifu kuwa na muhtasari wa Kiswahili chepesi unaorudishwa kwa watu ilikotoka habari. Yule mama wa hosteli aliulizwa wa mwisho, kwa sababu dada alikuwa akimwogopa, na ninasema hivyo kwa kuwa aliniambia mwenyewe. Alitegemea kusikia tasnifu ichomwe moto.

“Nyumba iondoeni,” mama huyo alimwambia, “na geti, na mbwa. Maneno yangu yaacheni. Niliyasema nikitaka yasikike.”

Mwandishi wa tasnifu alikubali kuirekebisha, ikafunguliwa upya Januari 2015, na watu wengi wameisoma. Mama huyo tunaye hapa leo. Ametuomba tuseme kwamba yeye na marehemu hawakuwa marafiki, ila walijuana vizuri, nasi tunalisema kama alivyolisema.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka wa 2021, akiishiwa pumzi kwenye ngazi ambazo zamani alizipanda akiongea, na madaktari wakamwagiza apumzike, agizo ambalo alilipokea kwa adabu na kulivunja kabla hajafika kituo cha basi. Alistaafu tarehe 9 Agosti 2024. Tarehe 11 Februari mwaka huu, 2025, alilazwa hospitali, miguu imevimba, na akiwa wodini mfanyakazi mwenzake wa zamani, aliyekuja kumjulia hali tu, akamdokeza kwamba maktaba inafikiria kuweka neno la siri kwenye hifadhi, ili mtu wa nje asisome mpaka ajiandikishe na adhaminiwe na mwanachuo. Dada aliteremka kitandani akaulizia viatu. Binti yake alikuwa amekwisha kuvipeleka nyumbani, akimjua mama yake, akamsihi aufikirie moyo wake, naye akamjibu kwamba moyo ndio unaomtuma.

Kwa kuwa hakuweza kwenda, alipiga simu, na mkutubi mkuu, kwa uungwana wake, alikuja mwenyewe wodini, akakaa kando ya kitanda na kumweleza kwamba kuna watu huko nje wanaoikwangua hifadhi kwa mashine, wakizoa maelfu ya kazi kwa mpigo, hadi mitambo inazimika, na kwamba chuo lazima kijilinde. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba tatizo ni la kweli. Kisha akasema, “Mwenye mashine atalipata hilo neno la siri. Atakayerudi nyumbani ni yule aliyekuja kusoma.” Mkutubi mkuu hakuahidi kitu, na hatusemi kwamba aliahidi, alisema tu kwamba atayafikisha maneno hayo kwenye kikao, na dada akamwuliza kikao ni lini.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa mwezi. Alifariki dunia tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, amekaa kitandani, miguu ameishusha chini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hususan muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyegundua kwamba mgonjwa huyu hamezi dawa mpaka aelezwe inafanya nini, akamweleza kila siku bila kuchoka, tunawashukuru majirani waliopika, walioleta viti na waliowalaza watoto, tunawashukuru wakutubi wa ghorofa ya tatu na walimu wote waliowahi kumfungulia mlango, na wale waliojifungia pia, maana walimpa mazoezi. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mkutubi mkuu, aliyekuja kumsikiliza mgonjwa wakati angeweza kutuma salamu, na ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele. Kikao ni Alhamisi, na familia haina la kuongeza.

Dada, sisi tumebaki na kikao, wewe nenda ukapumzike kwa amani.