Kimbunga na Mukwe wa Iliasi

Benchi letu liko mbele ya duka la vitenge la Iliasi, hapa Kasongo, pale Mama Mwanvua anapouza kahawa ya tangawizi. Ijumaa ile ya konje, likizo ya Pasaka, tulikuwa wanne: Iliasi mwenyewe, muzee Déo, tunayemwita Meteo kwa sababu zamani alipima mvua kwenye shamba la pamba, Bakari motari, anayebeba watu kwa pikipiki, anayekwenda Salamabila na kurudi na habari za dunia nzima, na mimi, fundi wa kushona. Redio ilikuwa imesema kimbunga kinaelekea pwani ya Tanzania. Asma, binti wa Iliasi, alikuwa hukohuko na mume wake Nourdine. Walikwenda kununua bidhaa, wakaongeza siku tano za kupumzika kando ya bahari. Tangu jana simu zao zilikuwa hazipiti.

— Usiogope, Meteo akamwambia. Kimbunga ni upepo wenye kizunguzungu. Kikikanyaga mchanga tu, kinaanguka.

— Nani alikuambia?

— Miaka kumi na moja nilipima mvua, Iliasi.

— Mvua ya pamba! Miye nauliza juu ya bahari.

Bakari akaweka kikombe chini.

— Muzee anakosea. Kile kimbunga kinafuata reli. Leo kiko Dar, kesho Tabora, kesho kutwa Kigoma. Kinavuka ziwa, na siku ya ine kiko Kabambare, hapa jirani yetu.

— Kwa barabara gani? nikamuuliza. Weye mwenyewe na pikipiki yako unalala njiani mara mbili.

— Upepo hauna pikipiki, fundi. Tena unaitwa. Pale Salamabila watu wamechimba mpaka udongo uko wazi, hewa inashuka ndani ya mashimo. Bahari inasikia ule mvuto. Ni zahabu yetu inavuta kimbunga!

— Hapo sasa anasema ukweli, Meteo akadakia, ingawa Bakari alikuwa amemkosoa sasa hivi. Mwaka mumoja nilipima mvua yenye chumvi. Niliionja kwa ulimi.

— Ukaandika?

— Chef wa shamba alikataa.

Iliasi akasimama.

— Mutoto wangu iko kule! Miye naomba mutu aniambie kama iko muzima, nyiye munaniletea mashimo na chumvi! Kama hamujui, si museme hamujui?

Tulikunywa kahawa. Bakari alikuwa anaanza habari ya samaki wanaopuliza upepo wakati simu ya Iliasi ilipolia. Ilikuwa sauti ya Asma, ujumbe wa dakika tatu. Iliasi aliuweka wazi ili wote tusikie.

— Papa, tuko wazima. Umeme ulikatika, ndiyo maana rezo ya simu ilipotea. Kimbunga kiligeukia mbali, tumepata mvua tu. Lakini Nourdine, papa, alitaka kuniua na presha! Juzi jua lilikuwa linawaka, maji yametulia kama ndani ya sahani. Mulinzi wa ufuko alikuwa amesimamisha bendera nyekundu, anakataza watu wasioge, anasema kimbunga kiko mbali lakini mawimbi yake yanatangulia kufika. Nourdine akamujibu, «Mimi nimekulia kando ya mto Lualaba.» Akaingia. Papa, maji yalimubeba kama jani! Alikuwa anapiga mikono kurudi moja kwa moja, na hakuwa anasogea hata kidogo. Mulinzi akapiga kelele, «Usishindane nayo! Elea, kisha ogelea kwa upande!» Hakusikia. Akachoka, akazama mara mbili. Yule mulinzi alimufuata na boya, akamutoa. Alitapika chumvi mpaka magaribi. Sasa amelala, hataki hata kuangalia bafu.

Iliasi alikaa chini, akafuta uso kwa shati. Alicheka, kisha alilia kidogo, kisha akamtukana mukwe wake kwa Kizimba, lugha ya kwao. Akaagizia kila mutu kahawa.

— Si nilisema kitaanguka? Meteo akasema.

— Kiligeuka, muzee, Bakari akamjibu. Hakikuanguka. Kiligeuka kutafuta reli!

— Kwanza huyo Nourdine ni muzembe, Meteo akaongeza. Mutu wa Lualaba anazamaje?

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamuke tusiyemjua. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki wakati ujumbe unasikika, pindo la kitenge chake bado bichi. Akasema jina lake ni Esther-Divine, anafundisha ng'ambo ya mto Lualaba, amekuja kuchukua vitabu vya shule.

— Samahani, wababa. Huyo mulinzi, kazi yake ni kuangalia maji na kukataza watu?

— Ndiyo, mwalimu, Iliasi akamjibu. Mungu amubariki.

— Bon. Leo asubuhi kivukoni upepo ulikuwa unapiga, mutumbwi ulijaa maji nusu. Tulikuwa kumi na sita, na watoto wachanga wawili. Wiki iliyopita mwingine ulipinduka palepale, tukazika mama mumoja. Hapa kwetu, ni nani wa kutukataza?

Meteo aliinamia kahawa yake. Bakari aliangalia gurudumu la pikipiki yake. Iliasi alimuangalia mwalimu, kisha simu mukononi mwake.

Mwalimu alisubiri kwa adabu. Kisha akauliza tu duka la vitabu liko upande gani.