Ningappa na Mashine Aliyoibariki kwa Nazi Tatu

Ndugu Ningappa Kamatagi, fundi mkuu wa karakana ya Chuo cha Uhandisi cha Serikali, Bennekatti, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Maprofesa walioombwa kuandika wasifu huu walikumbuka wote kwa pamoja kwamba wana karatasi za mitihani za kusahihisha. Kazi ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka ikafika langoni, kwangu mimi, mlinzi niliyeishia darasa la saba. Mlinzi ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi, na kampuni haijawahi kumuuliza umri. Ndiyo maana mtu mzima anamsindikiza mdogo wake kwenda kupumzika.

Ningappa aliingia hapa mwaka 1987, mwembamba kama fimbo, na masharubu yaliyokuwa yakifika kazini kabla yake. Alianza na kazi ya kusubu: kuchekecha mchanga, kuwasha tanuri, kumimina chuma kilichoyeyuka bila kujimwagia miguuni. Baadaye alikabidhiwa mashine za kukereza, na hapo, kama mkewe Gangavva anavyopenda kusema, ndipo alipooa mara ya pili. Mashine zile kuukuu alizipa majina ya heshima: Bibi, Shangazi, Mama Mkwe. Mama Mkwe ndiye aliyekuwa na kelele. Mwanafunzi aliyesahau ufunguo kwenye taya za Shangazi alitakiwa kumwomba radhi kwa sauti mbele ya darasa, na leo wapo wahandisi wakubwa Bengaluru, wenye magari na madereva, waliowahi kukipigia chuma magoti.

Mkuu wa chuo mmoja wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alitaka sanamu ya kichwa chake mwenyewe. Ningappa akaisubu. Hewa ikanaswa ndani ya shaba, na sanamu ikatoka na tundu la tatu puani.

"Hii nini, Ningappa?" mkuu akauliza.

"Ya akiba, sar."

Sanamu hiyo mpaka leo inazuia mlango wa chumba cha pampu usijifunge kwa upepo. Ni katika watumishi wachache wa chuo hiki ambao hawajawahi kukosekana kazini.

Mnisamehe, nacheka mapema kwa sababu mbele kicheko kinapungua.

Miaka mingi iliyopita, kwenye maonyesho ya viwanda Hubballi, Ningappa aliona mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Ilichonga ua la yungiyungi kwenye kipande cha chuma huku mwendeshaji wake akinywa chai. Alirudi akiwa kama mtu aliyeona harusi ya kifalme. Tangu hapo kila mwaka wa bajeti alikwenda kuiombea karakana mashine ile, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi linafikiriwa. Wakuu wa chuo walikuja na kuondoka, na wote walifikiri.

Agosti iliyopita, mwanzo wa mwaka huu wa masomo ulio wa mwisho kwake, mashine ikaja. Ilikuja kwenye mvua, juu ya lori, imefunikwa turubai. Chuo chenye idara nzima ya ujenzi hakikuwa kimepima mlango wa karakana, na Ningappa naye, kwa furaha, hakupima. Ukuta ukavunjwa. Maprofesa wa ujenzi wakausimamia ukijengwa upya, na ufa wake mnauona wenyewe mkipita kwenda kantini.

Kuanzia siku ile Ningappa alibaki na haja moja tu hapa duniani: kabla hajastaafu, wanafunzi wake wakate chuma kwenye mashine ile naye akiwa amesimama pembeni. Hata kipande kimoja. Alikuwa akisimama nami langoni jioni, mkono juu ya baiskeli yake, akisema, "Kaka Dyamanna, nikiuona unyuzi wa kwanza wa chuma umejikunja na kuanguka, nitakwenda nyumbani mwenyewe. Hawatanisukuma."

"Mke wako ndiye atakayekusukuma urudi huku," nikamwambia.

Fundi wa kampuni iliyoiuza mashine, kijana mmoja wa Pune aitwaye Sandesh Phadtare, alikuja kuisimika. Aliifunga, akaisawazisha, akaijaribu bila chuma, akaondoka wiki ya Ayudha Puja. Masomo yalipangwa kuanza sikukuu zikiisha.

Sasa, kila mtu hapa anaijua Ayudha Puja ya Ningappa. Siku hiyo zana zote hupumzishwa na kupewa heshima zake, na hakuna anayeruhusiwa hata kukaza skrubu. Maktaba hutia maua ya manjano kwenye rafu. Ofisi ya mitihani huivisha shada mashine ya kutoa nakala, ambayo hata hivyo hukwama keshoye. Fimbo yangu nayo hupakwa unga mwekundu, ingawa haijawahi kumpiga mtu. Lakini karakana ndiyo huwa ukumbi wenyewe. Migomba mlangoni, udi, kafuri, bisi za mchele na sukari guru kwa kila anayepita. Ningappa huzipaka mashine zake manjano mkubwa kwa mdogo, na kila moja huivunjia nazi palepale juu ya mgongo wake wa chuma, kisha huinyunyizia maji ya nazi pembe zote nne. Bibi na Shangazi wamekunywa nazi hivyo maisha yao yote. Hawajaugua hata mafua.

Mgeni alistahili zaidi. Bibi harusi hapewi nazi moja. Ningappa alichagua nazi tatu sokoni, akizitikisa sikioni moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akamuuliza kama anasubiri zimjibu.

Mwalimu Ashwini Teradal, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kufundisha kompyuta za mashine hiyo, alitaka picha nzuri kwa ajili ya jarida la chuo. Akaiwasha, ili skrini ionyeshe sura ya Mungu Mama Chamundi ikiwaka. Tulikuwa tumejaa mle, mkuu wa chuo wetu Dk. Sulibhavi akiwa mbele, viatu tumeviacha nje. Ningappa alivunja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanyunyiza kwa mapenzi yote ya miaka ile ya kungoja. Kabati la umeme la mashine lina vijitundu juu, vya kupitishia hewa. Skrini ikamwonyesha Mungu Mama, ikapepesa, ikawa giza. Ikaja harufu kama ya mchuzi wa nazi ulioungua chini ya sufuria. Wengine waliokuwa nyuma wakapiga makofi wakidhani ibada imekamilika.

Ningappa alivua kilemba chake akaanza kufuta maji nacho.

Sandesh alirudi Novemba. Akafungua kabati, akagusa kadi ya umeme iliyokuwa imeungua, akaonja kidole.

"Mzee, mbona tamu?"

"Maji ya nazi," Ningappa akajibu.

"Ndani ya kadi?"

"Ilikuwa Puja, baba."

"Na sisi kwetu tuna Puja! Lakini sisi mashine tunaipaka manjano. Hatuiungi!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka nikiwa nimesimama mlangoni, mpaka nilipoona uso wa Ningappa. Kadi hutoka ng'ambo. Dhamana ya kampuni inataja moto, mafuriko na radi, nazi haimo. Chuo kingelazimika kuinunua, na ruhusa ya kununua ingepitia ofisi tatu Bengaluru, kila moja ikiwa na usingizi wake.

Mwaka ukaendelea, kwa kuwa mwaka haujui kusubiri. Januari, Siku ya Jamhuri, tuliimbia bendera na mvulana wa bendi akazimia kwa jua. Februari lilikuja tamasha la ufundi. Wanafunzi wakatengeneza roboti ya kumwagilia maua iliyommwagilia mgeni rasmi. Wote walishangilia. Katikati ya karakana mashine ilisimama imefunikwa shuka nyeupe, na mgeni rasmi, akiwa bado anajifuta, akauliza ni nini kile. Mkuu akasema kinapumzika. Ningappa alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi na kuifunika tena. Gangavva alinieleza mwenyewe, siku aliyoleta chakula langoni, kwamba tangu Oktoba mumewe hajagusa chatne ya nazi. Anakula mikate yake ya mtama kwa kitunguu na pilipili, basi. Alimwambia mkewe kwamba ataionja tena siku mashine itakapokata chuma.

"Sasa mimi nina kosa gani?" Gangavva akauliza. "Nakuna nazi nakula peke yangu kama mjane!"

Machi wakaja wakaguzi kutoka Delhi, wale ambao kwa ajili yao hupakwa rangi hata mawe ya njiani. Dk. Sulibhavi aliagiza kwamba wakiulizia mashine, waambiwe umeme umekatika. Mkaguzi mmoja mwanamke, mtu mzima wa miwani mizito, akasimama mbele ya shuka nyeupe.

"Iwasheni niione."

"Umeme hakuna, madam," mkuu akasema.

Mkaguzi akatazama juu. Feni ilikuwa inazunguka.

"Hii inaendeshwa na nini, maombi?"

Hapo Ningappa akatoka mstarini. "Madam, mashine nimeiua mimi. Niliimwagia maji ya nazi siku ya Puja. Watoto wa chuo hiki hawana kosa, wala mwalimu wao hana. Wanahitaji kadi."

Wasomaji wa jarida hili wanajua yaliyofuata. Karakana ilipunguziwa alama, na chuo kizima kikashuka daraja. Mkuu hakumsalimia Ningappa mpaka mvua za Aprili. Lakini mkaguzi yuleyule alipofika Delhi aliandika kwamba kadi inunuliwe bila kuchelewa, na zile ofisi tatu zikaamka siku moja, jambo ambalo wenye kumbukumbu ndefu hapa hawajawahi kulishuhudia. Ningekuwa msomi ningesema kitu cha maana kuhusu ukweli. Mimi nilichokiona ni mtu aliyepoteza salamu za mkubwa wake ili watoto wa watu wapate kadi.

Ila kadi husafiri polepole. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifanya mitihani yao, wakapigana picha, wakapakana rangi kwenye mashati, wakapita lango hili na mabegi yao. Kundi zima limehitimu bila kuigusa mashine ile. Walikuja mmoja mmoja kumgusa Ningappa miguu kwa heshima, na yeye kila mmoja alimwambia, "Nisamehe, mwanangu." Msichana mmoja, Savitri wa kutoka Gokak, alilia akamwambia, "Mwalimu, umetufundisha kwa Shangazi, inatosha." Haikumtosha Ningappa. Nilimtazama akiliangalia basi la mwisho mpaka likapinda kona, kisha akabaki akiiangalia kona.

Kadi ilifika juzi, Alhamisi. Nimeipokea mimi langoni, boksi dogo kama la viatu vya mtoto. Ningappa alilishika kwa mikono miwili akaenda nalo karakana bila baiskeli yake. Mwalimu Ashwini akampigia simu Sandesh palepale.

"Ndugu yangu, njoo kesho!"

"Kesho niko Nashik, dada. Jumatatu asubuhi, naapa."

"Mzee anastaafu Jumamosi!"

"Mwambie anisamehe," Sandesh akasema. "Basi la kwanza la Jumatatu nitakuwemo."

Savitri na wenzake watatu wanaokaa karibu wameshasikia. Wamesema watakuja Jumatatu, likizo au si likizo.

Leo jioni, basi, Ningappa atavishwa shali, shada na kilemba cha Mysuru, atapewa kapu la matunda, na atasikiliza hotuba. Atakabidhi funguo za karakana kwa Mwalimu Ashwini. Dk. Sulibhavi, ambaye ni mtu wa kanuni, ametangaza kwa upole kwamba kuanzia saa kumi na moja Ndugu Ningappa si mfanyakazi tena, na kwamba mgeni haingii karakana bila kibali cha ofisi kuu, ambacho huchukua wiki. Aliulizwa kama hawezi kulegeza kanuni kwa Jumatatu moja. Akasema akimlegezea huyu, kesho atakuja mwingine. Alisema akitazama chini, na nadhani naye kuna kitu kinamchoma.

Ningappa, chuo hiki kinakushukuru. Kwa mabomba yasiyovuja, kwa kinu cha kantini, kwa vidole vyote vya wanafunzi vilivyoondoka hapa vikiwa kumi, kwa miaka yote ambayo Mama Mkwe alipiga kelele na wewe ukamwelewa. Tunasikitika kwamba mwaka wako wa mwisho haukukupa ulichokiomba, na tunasikitika kwamba ulijilaumu peke yako ilhali tulikuwa wengi mle siku ile ya Puja, viatu vyetu nje. Nenda nyumbani kwa amani, magoti yako yapone, wajukuu wakusumbue, Gangavva akuchoke taratibu.

Na kuhusu Jumatatu. Zamu ya asubuhi langoni ni yangu. Kanuni niliyopewa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: mlinzi amzuie kila mtu asiyemjua. Nimeisoma vizuri, herufi kwa herufi, kama mtu wa darasa la saba asomavyo. Ningappa, wewe nakujua. Pita.