Mama Saa na Seli Zilizopiga Kelele

Alhamisi, tarehe 12 Machi 1964, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mkunga alifika ameloa chapachapa na kukuta mtoto ameshazaliwa. Huyo ndiye marehemu, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mshonaji nguo.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1977 na kumaliza sekondari 1981. Mwaka 1986 alipata stashahada ya ufundi wa maabara.

Januari 1987 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa saratani, akabaki hapo hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kulea seli za saratani ndani ya chupa, kwenye kabati la joto, na kuzibadilishia chakula kwa wakati. Jina la Mama Saa lilitokana na hilo.

Mwaka 2006 watafiti walitaka kujua kwa nini dawa fulani, zikiua seli za saratani, huamsha kinga ya mwili, na nyingine huiacha imelala. Panya walidungwa seli zilizotiwa dawa ili miili yao imjue adui kabla hajaja mzima. Marehemu, kwa uangalifu wake, aliziacha seli kwenye dawa siku mbili zaidi ili isibaki hata moja hai. Panya wote, walipodungwa seli hai baadaye, wakaota uvimbe. Daktari mkuu akachungulia darubini.

“Mama Saa, hizi umeziua au umezizika?”

“Si ulisema zife, daktari?”

“Nilitaka zinazokufa! Inayokufa hupiga kelele: jamani njooni, adui huyu hapa! Askari wa mwili wakija wanaishika sura yake. Sasa maiti hizi zitamwamsha nani?”

Marehemu alicheka hadi barakoa ikamvuka. Kazi ikarudiwa, seli zikatolewa mapema, na safari hii panya wengi walinusurika.

Alifunga ndoa mwaka 1990 na fundi umeme aliyekuja kutengeneza lile kabati la joto. Siku ya harusi bibi harusi alipitia kazini kwanza. Bwana harusi akawaambia wageni, “Vumilieni, ananyonyesha. Nimeoa mwenye watoto milioni.” Mungu akawajalia wawili wa kuwabeba mgongoni.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 61. Maneno hayo matatu, “saratani ya titi,” yanasomwa leo kwa ridhaa ya kaka yake, ambaye mwanzoni aliyakataa. Mama yao alipofariki mwaka 1999 kwa ugonjwa huohuo, watu waliambiwa tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Agosti 2024, marehemu alipotoka hospitali na majibu, kaka alimketisha sebuleni.

“Ya ndani tuyaache ndani, dada. Mdogo wetu ana roho nyepesi, utamuua kwa hofu.”

“Na hicho kilichomuua mama kikiwa tayari kimo mwilini mwake?”

“Atakuja kuambiwa. Baadaye.”

“Baadaye lini, kaka? Nikishazikwa? Hapo nitakuwa kama zile seli nilizozichelewesha. Nani atanisikia?”

Kaka akaenda zake bila kunywa chai.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka yake, na mdogo wake wa kike, ambaye yumo humu, kiti cha mbele. Kwake kilikutwa kivimbe kidogo kuliko punje ya mahindi, kikaondolewa, na madaktari wanasema anaendelea vizuri. Kilikutwa kwa sababu kesho yake asubuhi, baada ya mazungumzo yale ya sebuleni, Mama Saa alifunga kilemba, akaenda kwa mdogo wake, akagonga mlango hadi majirani wakachungulia.

“Kuna nini, dada? Nani kafa?”

“Hajafa mtu bado. Vaa viatu, twende hospitali. Nitakueleza njiani.”

Mama Saa, tumekusikia. Lala salama.